Friji la Chumba cha Mbele

Friji lilihamia chumba cha nyuma asubuhi ile, likiwa na nyama ndani. Vijana wawili wa mkokoteni walilibeba wakitweta, wakalisimamisha kati ya karai la kufulia na godoro la watoto. Nyuma yao ikaja televisheni, kisha redio, kisha bwana wa chumba cha mbele mwenyewe, amevaa shati lililochanika kwapani.

"Wadadisi wa umaskini wameshafika mtaa wa pili," alisema. "Ukiulizwa, vyote hivi ni vyako."

"Vyangu?" aliuliza Mama Dobi, mikono imejaa povu.

"Leo tu. Jioni vinarudi." Akalivuta kufuli la friji kuhakikisha limekaza, akatumbukiza ufunguo mfukoni, huyoo akaenda zake.

Mama Dobi akabaki anavikodolea macho. Yeye aliyefua mashuka ya watu mpaka vidole vikachubuka, leo kaamka tajiri! Na utajiri huo ungemtokea puani. Kaya itakayoonekana maskini ingepewa kadi ya matibabu ya bure, na binti yake alikuwa pale pale kwenye godoro, pumu imembana, anavuta pumzi kwa mluzi. Mdadisi akiliona friji, kadi ndiyo basi tena.

Mwaka juzi yule bwana alimpokea mdadisi akiwa amevaa suti. Alimkalisha kwenye makochi, akajibu kwa niaba ya nyumba nzima: "Hapa hakuna maskini, andika hivyo." Ikaandikwa hivyo. Baadaye alipoona wenzake wa mtaani wanatibiwa bure, roho ilimuuma.

Mvua za mwaka ule zilimkuta kitindamimba wa Mama Dobi na homa ya mapafu. Mama mtu aligonga mlango wa mbele, akaomba hela ya dawa. "Hangaika na watoto wako," alijibiwa, na mlango haukufunguliwa. Mtoto alizikwa wiki ile ile. Tangu hapo Mama Dobi alikuwa na kinyongo kilichomkaa kooni, naye hakutaka kimtoke bure.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Alimsikia mdadisi akiingia chumba cha mbele, sauti ya msichana mwenye adabu zake. Alimsikia na bwana akikohoa kikohozi cha kuazima.

"Unaishi na nani hapa, baba?"

"Na nani, mwanangu? Sina mke, sina mtoto. Niko peke yangu na huu mkeka."

Mama Dobi aliguna. Akafuta mikono kwenye gauni, akainama, akatoa nyundo chini ya meza.

Mdadisi alipofika chumba cha nyuma, macho yake yalitua kwenye friji. Akainua kishikwambi.

"Usibonyeze kwanza, mwanangu. Hebu niambie, hiyo kaya ni nini hasa?"

"Ni watu wanaopika na kula chungu kimoja, mama. Nyumba inaweza kuwa moja, lakini vyungu vikiwa viwili, hizo ni kaya mbili."

"Basi humu mna mbili. Na friji hili, televisheni na redio ni vya kaya ya mbele."

"Mbona yule baba amesema hana kitu?"

"Muulize ufunguo wa friji uko wapi."

Bwana akaitwa. Alikuja akichechemea kwa mguu uliokuwa mzima asubuhi. "Friji? Mimi na friji wapi na wapi? Ni la huyu mama."

"Kumbe ni langu," Mama Dobi alisema, kwa upole wa kuudhi. "Basi ufunguo umenipotea. Naomba mnipishe."

Akainua nyundo, akapiga. Pigo la kwanza lilibonyeza mlango. La pili likabandua rangi. La tatu akalipiga kwa ajili ya kitindamimba wake, na akaona raha, raha hasa, ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya mazishi.

"We! Unaniharibia friji langu!" Bwana akamrukia, kuchechemea kote kumekwisha.

"La nani, baba?" mdadisi aliuliza.

Kabla hajajibu, nyundo ilishuka tena, kufuli likakatika, mlango ukafunguka. Minofu ilikuwa imepangwa hadi juu.

Mdadisi hakupandisha sauti. "Kaya ya mbele," alisoma huku akirekebisha. "Friji, televisheni, redio. Mtu mmoja, hana mke wala mtoto." Akabonyeza. "Imeshakwenda. Haifutiki."

"Subiri, binti. Kuna jambo sikulieleza vizuri..."

"Nilikuuliza, baba, nawe ukanijibu."

Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na karai, akaanza kumwuliza Mama Dobi. Maji mnachota wapi? Jana watoto walikula nini? Sakafu hii hupitisha unyevu? Mama Dobi alijibu lolote aliloulizwa bila kuongeza chumvi, kwa maana haikuhitajika. Pale kwenye godoro mluzi ulizidi.

"Huyu atapata kadi," mdadisi alisema, akimtazama mtoto. "Nikitoka hapa naipeleka mwenyewe ofisini."

Mama Dobi akashusha pumzi.

"Limebaki swali moja tu, mama. Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Na bwana yuko wapi?"

"Si huyo hapo, anayeokota kufuli lake," alisema Mama Dobi. "Yule mtoto niliyemzika alifanana naye pua na macho."