Bangili ya Wakesho

Enzi hizo kila mtu alivaa bangili iliyowaka nyekundu akidanganya. Mwachofi, mcheza poka wa kutangatanga, aliiweza. Wapinzani wakimuuliza ana karata gani, alivuta pumzi taratibu, akashusha mabega, akauamini uongo wake kabla ya kuutamka. Bangili ikabaki kijani. Hivyo ndivyo alivyoshinda Kampala na Lusaka, na ndivyo alivyomwambia mkewe kila safari, "Ijumaa nitakuwa nyumbani."

Safari hii alirudi akakuta kabati la nguo la mkewe likiwa tupu.

"Wakesho, mama yako yuko wapi?"

Bintiye alivuta pumzi taratibu, akashusha mabega.

"Ameenda sokoni, Baba. Anarudi sasa hivi."

Bangili ya mtoto ilibaki kijani.