Karatasi ya Kitabu cha Tisa

Kila riwaya aliyoazimisha Mashavu kibandani pake ilibandikwa karatasi yenye maoni yake, na wasomaji waliiamini karatasi hiyo kuliko jalada. Mwezi ule alisoma tisa. Ya upelelezi aliiandikia: “Muuaji utamjua kabla chai haijapoa.” Ya mapenzi: “Wanalia mno. Hawapiki, hawafui.” Ya mashetani ilimtisha kwelikweli, naye akakiri.

Ya tisa ilikuwa ya mumewe, Zuberi, kitabu chake cha kwanza.

“Hiki usikibandike,” Zuberi alisema. “Mimi ni mumeo.”

“Hao wengine nao wana wake zao, na sikuwahurumia.”

Mashavu akailamba ncha ya penseli, akaandika: “Lugha tamu. Lakini mke aliyemo humu, kurasa mia mbili nzima, hasemi hata neno moja.” Akapaka gundi ya unga wa muhogo, akaikandamiza karatasi kwa kiganja mpaka ikashika.

Zuberi akakichukua kitabu. Akafunua, akasoma, akafunua tena. Kisha, bila kuinua macho, akanyoosha mkono kuomba penseli.

Mashavu akampa. Akavuta kigoda, akakaa ubavuni pake, akaanza kusema.