Mmea Usiotaka Udongo

Muhidini alijaza mdomoni maji ya mvua ya mtungini, akavimbisha mashavu, akaupulizia mmea: pffuu! Matone mengine yakamrukia mkewe begani.

"Astaghfirullah! Mate hayo, Baba Zuwena!" Zuleha aliruka pembeni, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Ndivyo unavyonyweshwa," Muhidini akajibu bila kugeuka. "Hautaki udongo, ukiupa udongo unaoza. Wenyewe hukaa juu ya mti, ukiishi kwa umande na takataka zinazouangukia."

Takataka! Hata mwenyewe amekiri. Mmea gani huo? Vikonyo vinene, vya manjano, kama vidole vya maiti. Mizizi myeupe imesimama juu, mikali, imenasa majani yaliyooza, mende wakavu na manyoya ya njiwa. Muhidini aliufunga kwa kamba ya gome kwenye kipande cha gogo, akautundika nyuma ya nyumba, hapohapo Zuleha anapopita kwenda kuoga. Kila akipita aligeuza uso.

Lakini kinyaa kitu gani bwana. Kilichomnyima usingizi ni aliyeuleta: Mbuke, mjane wa Kisukuma anayechuma dawa za porini, mwenye shingo ndefu na kicheko cha karibu. Zuleha aliwaona kwa macho yake wakikabidhiana mmea ule huku wakinong'ona. Na pale Geita, mwaka ule wa thelathini na saba, nani asiyejua kwamba mwanamume akitundika dawa nyumbani na kuilea hivyo, ni dawa ya mvuto, na mke mwingine yuko njiani? Miaka ishirini na miwili Zuleha ameuza naye nguo na chumvi, tangu Tabora, tangu duka likiwa mkeka mmoja. Leo aje agawane zamu na mchuma majani? Thubutu!

Tena huyo Mbuke hakuanza jana kuinyemelea nyumba ile. Kiangazi, vumbi la mawe ya dhahabu lilipomkohoza Zuleha mpaka damu, alijipitisha na kikopo cha dawa. Zuleha alikimwaga mbele ya macho yake. "Dawa za porini sinywi, hata nikifa." Muhidini aliinama akakiokota kikopo.

Dawa huuawa kwa uchafu. Hilo kila mtu analijua. Basi Muhidini akishaenda dukani, Zuleha alichukua kopo la mkojo wa usiku akaumiminia mmea mpaka ukachuruzika. Siku ya pili akaongeza maji ya kuoshea matumbo ya samaki. Nzi wakajaa. Mwenyewe amebana pua, anaapiza: "Kufa! Kufa na aliyekuleta!"

Wapi! Ukanenepa. Ukachipua vikonyo vipya, vyote vimepakwa utelezi unaonuka. Akazidisha, akakoroga mavi ya kuku, akatemea na makohozi yake juu.

Kitu kimoja tu kilimpa moyo. Vikonyo vilikuwa vinakatwa, kila siku kimoja. Akajua vinapelekwa kwa Mbuke, vikatafunwe huko wapendane vizuri. Akacheka peke yake hadi akakohoa. Tafuna, shoga, tafuna.

Muhidini naye alizidi kumnyenyekea. Alimkataza kuinamia moshi wa jikoni, akawa anampikia uji yeye mwenyewe kila alfajiri, wenye ukwaju, mzito, mtamu. Mwanamume akishika mwiko, ujue ana analolificha! Zuleha aliunywa hadi akalamba bakuli, na roho ikimuuma.

Mvua zilikuja zikatuliza vumbi. Kikohozi kikaisha. Kisha asubuhi moja mmea ukatoa maua, manjano yenye madoadoa ya kahawia, na kabla jua halijapanda Mbuke akaingia uani, kaniki mpya, kapu kichwani.

"Shikamoo, dada."

Zuleha alimpa mgongo. Akamgeukia mumewe.

"Sema sasa, Baba Zuwena. Unamwoa lini?"

Muhidini alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Kumwoa? Mama Zuwena, ulikuwa unatema damu! Nilikuwa sijui nitarudi Tabora na nani. Nikae nikutazame ukifa kwa kiburi chako?" Akamshika bega. "Hebu vuta pumzi. Vuta sana. Kifua kinakwaruza?"

Zuleha akavuta pumzi. Ikaingia yote, ikatoka yote, bila kukwaruza popote. Machozi yakamlengalenga. Miaka ishirini na miwili, na bado mtu huyu alikuwa wake.

"Nisamehe kwa kukuficha," Muhidini akasema. "Kila alfajiri nilikata kikonyo kimoja, nikakitwanga kibichi, nikakitia kwenye uji wako ukishaepuliwa."

"Na hukukiosha?" akauliza Mbuke.

"Hata tone la maji sikukigusisha. Si ulisema nguvu yote iko kwenye ule utelezi wa juu?"