Taa Iliyotangulia Maharage

Enzi hizo kila aliyepita miaka sitini aliishi kwa betri ya kifuani, na kila asubuhi alikaa uani akichajiwa na paneli ya jua. Sechelela hakuhitaji saa kumkadiria mumewe, Chiduo. Akiinjika maharage, mzee anachomeka waya. Yakiiva, taa ya kifuani inawaka kijani.

Sasa taa ilikuwa ikiwaka maharage hata hayajachemka. Sechelela akaanza kunusa mashati.

"Baba Neema, jioni unachajiwa kwa nani? Aliyeshiba kwingine hamalizi sahani ya nyumbani."

"Uzee huu, Mama Neema?"

Hakumwamini hata chembe. Jioni ile alifunga geti, akalala na ufunguo kwenye pindo la khanga. Asubuhi taa ikawaka mapema zaidi.

"Umepitia wapi?" akafoka.

Chiduo akachomoa waya. "Ukifungua bomba, ndoo na kikombe, kipi hujaa upesi? Betri yangu ilikuwa ndoo, mke wangu."

Kesho yake Sechelela aliamka kabla ya mumewe, akaifunika paneli kwa khanga yake, ili jua liingie polepole, na taa isubiri maharage.