Fundo la Khanga

"Mama Asteria, hebu soma wewe. Macho yangu siyaamini."

Valerian alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya mizani ya ghala lake, pale Nyasubi. Alikuwa ameachia nguzo ili mshale utulie, na mshale ulitulia kweli.

Mkewe Euphrasia aliinama, akasoma. "Mia na nane."

"Siku niliyoumia nilikuwa mia na nne."

"Ndivyo."

"Mwezi mzima nakula majani kama mbuzi, halafu naongezeka kilo nne?"

Euphrasia akampokeza magongo yake. "Bajaji inasubiri, Baba Asteria. Twende hospitali wakatuambie."

Mwezi uliopita Valerian aliporomoka kutoka juu ya rundo la magunia ya mpunga, na goti likapinda upande usio wake. Daktari alisema kano zimekatika, zinahitaji upasuaji, lakini si kwa uzito aliokuwa nao. Apungue kwanza, taratibu. Asiukanyagie mguu ule, wala asishinde njaa, maana goti nalo linahitaji chakula. Ugali uwe wa ngumi moja, nusu ya sahani iwe mboga, samaki awe wa kuchemsha, na soda asahau. Akirudi bila kupungua, upasuaji utaahirishwa, na msimu wote wa mavuno utampita akiwa kitandani.

Mizani ya hospitali siku hiyo ya kuumia ilisoma mia na kumi na mbili. Jioni, kabla ya kulala, Valerian akajipima kwa mizani yake mwenyewe, ikasoma mia na nne. Alicheka, ingawa goti lilikuwa likiwaka moto. "Tutafuata hii hii yangu," alisema.

Tangu hapo Euphrasia ndiye aliyesimamia ghala, akarudi na kumpikia. Naye Valerian, akiwa amelala tu na mguu juu ya mto, akaanza kuangalia mambo.

Kwanza lilikuwa lile fundo. Euphrasia alikuwa na kitu kidogo alichokifunga kwenye pindo la khanga yake. Alikishika wakati wa kusali, na Valerian akimtazama, alikificha haraka. Kuna dawa za kumnenepesha mtu. Valerian alikuwa amezisikia.

Halafu sala yenyewe. Kabla ya kula alikuwa ameongeza maneno ambayo hayakuwepo zamani: "Na usituache, Bwana, tukaguse cha mtu." Valerian aliitikia amina huku jicho moja liko kwenye sahani.

Alipoagiza unga wa kupunguza mwili kutoka kwa machinga wa stendi, Euphrasia aliumwaga chooni. "Unataka kupungua au unataka kufa?" Alisema kwa upole, lakini upole nao unaweza kuwa na lake jambo. Valerian akatia alama ya kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, aone yanavyoshuka. Hayakushuka. Akajua ipo chupa nyingine. Suruali ilipoanza kumvuka, akajua mkewe ameipanua kiunoni kwa siri.

Na wale wakulima waliomuuzia mpunga! Zamani walipima wakaondoka wamenuna. Sasa dirishani kwake alisikia vicheko. Siku moja mzee Ndaki, aliyeleta mpunga kwa mkokoteni wa ng'ombe, alipaza sauti uani: "Wabeja, mayu! Asante, mama! Ukipokea wewe, hata mpunga wangu unanenepa!"

"Punguza sauti, babu, mgonjwa amelala," Euphrasia alimjibu.

Mgonjwa hakuwa amelala. Alikuwa akijiambia kwamba humo ndani kila kitu kinanenepeshwa, na yeye mwenyewe yumo.

Ndani ya bajaji alishindwa kuvumilia. "Unanilisha nini?"

"Ulichoandikiwa."

"Unataka nibaki kitandani, ghala liwe lako."

Euphrasia alitazama barabara. Vidole vyake vilikuwa kwenye pindo la khanga. "Ukirudi ghalani, Baba Asteria, utafanya kazi kama nilivyoifanya mimi?"

"Kama wewe! Ya kuchekeana na wauzaji? Unadhani sisikii?"

Euphrasia alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti, na Valerian akasogea pembeni kidogo, mbali na lile fundo.

Hospitalini, nesi mmoja kijana aitwaye Apolonia aliwapokea. "Shikamoo, baba. Goti linasemaje?"

"Marahaba. Goti si neno. Nina neno na chakula cha nyumbani kwangu." Akapanda kwenye mizani shingo upande.

"Mia na nane," akasema Apolonia.

Valerian akamgeukia mkewe kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Hata hapa! Mia na nane!"

Apolonia alikuwa akitazama kadi, na uso wake ukachanua. "Mbona unagomba, baba? Ulikuja na mia na kumi na mbili. Umepungua kilo nne, tena kwa mwendo mzuri kabisa. Mama, hongera, umemtunza. Upasuaji upo."

Valerian alifungua kinywa amshukuru Mungu. Kinywa kikabaki wazi. Mia na nane hapa. Mia na nane kule.

Alishuka polepole, akaketi. "Tangu lini?" akauliza.

"Tangu usiku ule ulipojipima ukapata usingizi."

Euphrasia akalifungua fundo la khanga, akamwekea kiganjani kipande kidogo cha chuma. Valerian hakuhitaji kukitazama. Alikichonga kwa mikono yake mwenyewe, mwaka aliponunua mizani, ili magunia ya watu yasome pungufu.