Bakuli Lililonyamaza

Gerejini kwao Montana, wanakojazia upya maganda ya risasi za bastola, Darlene aliikodolea macho mashine mpya. Bakuli lake la juu lilizunguka, vichwa vya risasi vikajigeuza vyenyewe, ncha juu, kisha kimoja kimoja vikatua juu ya maganda yenye baruti. Mumewe alivuta mpini tu.

"Haikosei hata kimoja," Darlene alisema. "Umeshanistaafisha, mzee. Naenda kuoka pai."

Miaka yote Darlene alikuwa akikaa ubavuni mwa mumewe, akiviweka vichwa hivyo kwa mkono, vidole vikigeuka vyeusi.

Alipofika mlangoni, bakuli likanyamaza.

"Imekufa," mumewe akasema. "Vitu vya siku hizi, bibie."

Darlene aliuona waya wa umeme wa mashine umechomolewa, umekanyagwa na kiatu cha mumewe. Akavuta kigoda chake.

"Haya, sogea."