Kitufe Chekundu

Khitma ilipokwisha na watu kuondoka, Nasima alitoa kamera ili kaka yake Munir asikie wasia wa mama yao. Munir alikuwa Maskati wakati mama akiugua, na hata maziko hakuyawahi.

Video ikaanza: mkeka mtupu, na ncha ya kanga ya mama.

Hapo Nasima akatambua kosa lake. Kamera ile ikikaa muda mrefu bila kuguswa husinzia, na kitufe chekundu ukikibonyeza mara ya kwanza huiamsha tu. Siku ile ya wasia alibonyeza mara moja akadhani inarekodi. Mama akasema yote, akampa Munir radhi zake. Nasima alipobonyeza tena kuizima na kuilaza mkekani, ndipo ilipoanza kurekodi.

"Ushazima?" sauti ya mama ilisikika, imekauka.

"Nshazima, mama."

"Haya, nipe maji. Na Munir usimwambie kama kila usiku nnamwita."

Nasima akaipapasa kamera aizime. Munir akamshika mkono.

"Iwache," alisema, na wakakaa wakimsikiliza mama yao akinywa maji.